Kiganja Juu ya Karatasi

2 Februari

Kwa mke mwenzangu,

Karani anataka nianze na salamu ndefu na "dhumuni la barua hii". Nimemwambia hayo aweke kwenye barua zake mwenyewe. Mimi mzima, napumua, nagombana. Na wewe je?

Barua yako imefika. Karani amenisomea mara mbili. Ya kwanza alikimbia kwa sababu chai yake ilikuwa inapoa, ya pili akasoma kwa adabu. Halafu nikamnyang'anya karatasi nikautafuta mkono wako. Upo. Jina lako likiandikwa mimi naona wadudu wamepita, lakini kiganja chako nakijua, nimekiosha tangu kiko kama jani. Naufuata mstari kwa kidole changu cha mwisho, polepole, mpaka nikuzunguke wote. Kidole chako cha mwisho bado kimepinda pale kilipoumwa na mashine ya kukamulia shuka, ulipokuwa na miaka sita na masikio ya mapambo. Usiache kunichorea. Barua isiyo na mkono haina sahihi.

Umesema kila asubuhi unazunguka uwanja na kiti chako kabla ya kufungua duka la saa, na viganja vimetoka malengelenge. Umesema mwezi wa tano kuna mashindano ya viti vya magurudumu, mizunguko ishirini, na jina umeshaandikisha. Sawa. Sikuzuii. Hata ulipokuwa na miguu hukuwa mtu wa kuzuilika.

Kwenye kifurushi kuna glavu. Nimezishona mimi, kwa lile shuka zito la hospitali nililolifua mpaka likalainika kama shavu la mtoto. Tabaka nne, na pamba katikati. Malengelenge yakatafute mtu mwingine.

Na nikufundishe kusukuma, maana nimefua miaka thelathini na minane, mikono naijua. Ile pete ya kusukumia gurudumu, ikamate kama shuka lililolowa. Kaza. Kisha kamua kwa kifundo cha mkono, mpaka tone la mwisho. Shuka halikamuliwi kwa huruma. Fanya hivyo, tuone nani atakupita.

Juzi nimekuota. Ulikuwa unapita katikati ya kamba za nguo, shuka nyeupe kila upande, upepo hakuna, na bado zilikuwa zinakupisha.

Babu yako angekuwepo angekufuata na baiskeli. Marehemu wetu huyo, mpaka leo tunamgombea.

Bibi yako
(kidole gumba chake hapa. Wino umezidi, maana hakubali kushikwa mkono. — Karani)


16 Februari

Bibi yangu, mke mkubwa,

Glavu zimefika na harufu ya sabuni yako. Nilizivaa nikakaa nazo tu mezani, sijafanya kazi yoyote, mpaka mteja akauliza kama saa zote dukani zimesimama. Mama fundi viatu wa mlango wa pili ameomba azishike. Amesema mtu aliyeshona hizi anapenda mtu.

Nakamua kama ulivyonifundisha. Uwanja asubuhi una ukungu, upande wa pili hauonekani. Nikianza ninakuwa kama ninayesukuma kwenda mahali ambapo hapapo, na nikifika pamekuwapo. Mlinzi wa geti amekaa kwenye kiti chake na redio ndogo. Kila nikimpita wimbo ni uleule lakini umesogea mbele kidogo.

Bibi, bado naota nakimbia. Kwenye ndoto miguu siioni, nasikia hewa usoni tu. Sasa hapo uwanjani, kwenye mzunguko wa tatu hivi, hewa inakuja ileile. Ileile kabisa. Nikifumba macho sijui kama nimekaa au nimesimama. Ndiyo maana nataka hiyo ishirini. Siitaki kwa sababu ya watu.

Dukani salama. Jana niliachia skrubu ya saa ya mwalimu mmoja, ndogo kama chembe ya mchanga, mama fundi viatu akaitafuta sakafuni kwa brashi yake ya rangi mpaka akaipata. Na asubuhi mikono huchelewa kuamka. Mimi nimeshafumbua macho, yenyewe bado imelala, naitikisa kama watoto wa shule. Ni uchovu tu.

Mkono wangu huo hapo chini.

Mjukuu wako


1 Machi

Mke mwenzangu,

Mkono huu una nini?

Nimeuweka mezani nikaufuata mstari. Shina la gumba limevimba. Kifundo kimenenepa kama mtu aliyemeza kitu asichotaka kukisema. Na mkono ulioshika penseli nao unatetemeka. Umenyanyua penseli mara tano. Mara tano! Wewe ulikuwa unachora kwa pumzi moja. Karani anasema labda meza yako ina mikwaruzo. Karani ni mtu mwema, ila hajawahi kufua hata soksi yake.

(Nimeandika kama alivyosema. — Karani)

Sikiliza. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Mvuke mpaka darini. Nyuso hatuzioni, tunajuana kwa sauti, kama watu wanaoongea ndani ya wingu. Na kila aliyepotea kwenye lile wingu alianza hivihivi. Yeye anaamka, mkono umelala. Kisha kikombe kinamponyoka. Kisha vifungo vya gauni vinamshinda. Hakuna aliyesema, kwa sababu aliyesema alihamishiwa kukunja foronya, na kukunja foronya ilikuwa ni kuzikwa mzima mzima.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe guu tulishalimaliza, sasa unataka tuanze na mkono? Mikono yako ndiyo miguu yako, na ndiyo ugali wako, na ndiyo barua yangu. Ukiimaliza utasukuma kiti kwa nini, kwa kidevu? Saa za watu utazifungua kwa meno?

Niambie kweli. Inauma?

Glavu unavaa lakini? Usizivue hata kidogo. Kama mkono unateleza, kaza zaidi.

Bibi yako
(gumba)


15 Machi

Bibi,

Umejitisha bure. Siku ile nilichora kwa haraka, kulikuwa na mteja amesimama. Hakuna kinachouma. Glavu nazivaa kila siku, ni kama umenishika mikono unapotembea nami.

Sasa nafika mizunguko kumi na minne. Ukungu umepungua, naona upande wa pili, na nimeanza kuukumbuka wakati haukuonekana.

Mkono wangu huo hapo chini. Nimeuchora kwa pumzi moja, hesabu mwenyewe.

Mjukuu wako


27 Machi

Mpe salamu mwenye mkono huu. Mwambie ni mkono wa mtu mwema, mpana, na gumba lake limesukuma sindano nyingi kwenye ngozi. Mwambie pia asikubali tena kukunjwa kidole na mtoto mwongo. Kidole chako cha mwisho kimepinda kinamwangalia jirani yake. Hiki kimekunjwa kinaangalia barabarani.

Umemkunja mama wa watu kidole ili unidanganye mimi.

Mimi sisomi. Kila barua inayoingia humu ndani nasomewa, na anayenisomea anaweza kuniambia lolote, nami nitaitikia. Ni kitu kimoja tu kwenye hii dunia ya karatasi nilichokuwa naweza kukisoma mwenyewe. Nawe umekighushi.

Sina salamu. Nikipata nauli ya kunitosha hasira nitakuja mwenyewe.

(Amekataa kutia gumba. Amekataa na chai. Ameketi nje anaziangalia kamba za nguo, na kamba hazina nguo. Mama, mwandikie upesi. — Karani)


6 Aprili

Bibi yangu,

Inauma.

Inauma tangu mwezi wa pili. Gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, na nikisukuma kuna kitu kinawaka ndani ya kifundo kama waya. Mkono niliokutumia ni wa mama fundi viatu, umemjua. Nilipomsomea barua yako alifunika uso kwa aproni, akacheka, halafu akalia, kisha akafunga duka lake akanisukuma mwenyewe mpaka kwa mtaalamu wa viungo. Nilikuwa naangalia vivuli vya nyaya za umeme vikinipita mapajani kimoja kimoja, nikawa najiuliza kama hivi ndivyo itakavyokuwa siku zote, kupelekwa.

Nilikudanganya kwa sababu niliogopa neno moja: acha. Niliogopa ukisema wewe nitaacha.

Mtaalamu ni mama mmoja mfupi, mkali, mngependana. Alinipeleka kwenye ukumbi akasema, "Sukuma nikuone." Nikasukuma. Akasema, "Binti, wewe unasukuma gurudumu au unalinyonga?" Alisema kifundo kikikunjwa na kukazwa kila mara, mshipa wa fahamu unaopita pale unabanwa kama kamba chini ya mlango. Kifundo kinatakiwa kinyooke kama kinavyonyooka mkono ukiwa umepumzika mezani. Kiganja kiguse pete bila kuikamata, kiisindikize kwa msukumo mrefu, kisha kiachie. Halafu mkono ushuke wenyewe chini ya pete na kurudi nyuma kwa huko chini, kama mtu anayechota maji. Mimi nilikuwa napiga vidogo vidogo, vingi, haraka, kama ninayefukuza nzi. Yeye anataka misukumo michache, na kati ya mmoja na mwingine kiti kiteleze.

Kumbe hata magurudumu yalikuwa yamepungua upepo, nilikuwa nasukuma kama kwenye mchanga. Na kikalio cha kiti kilikaa nyuma mno ya magurudumu, nikawa nayafuata kwa mabega. Fundi wa viti amekisogeza mbele kidogo tu, na sasa nikiweka mkono juu ya pete kiwiko kinakunjika vizuri. Hata kupanda kitandani nilikuwa nakosea, najikita kwa kiganja kilichokunjwa nyuma. Sasa natumia ngumi, kifundo kikiwa kimenyooka.

Amesema nipumzike wiki tatu nzima bila uwanja. Nikilala, kifundo kifungwe kisikunjike. Halafu nirudi kidogo kidogo, nikinyoosha mikono na mabega kwanza. Nikamuuliza kuhusu mashindano. Akasema, "Mkono utakuambia. Safari hii usikilize."

Glavu nimezipumzisha kabatini.

Nisamehe. Mkono huo ni wangu. Ona jinsi ulivyo mbaya.

Mjukuu wako


6 Aprili

Mzee Karani, shikamoo.

Karatasi hii usimsomee Bibi, nakuomba.

Mtaalamu alizishika zile glavu akauliza, "Nani amekushonea?" Nikazichukua nikaziweka mapajani. Ni nene mno, Mzee. Mkono haulisikii gurudumu, ndiyo maana nakamata kwa nguvu kupita kiasi. Na mshono mnene umepita katikati ya shina la kiganja, pale pale mshipa ulipo. Kila nikisukuma najiminya mwenyewe. Amesema hizo, na ule mtindo wa kukamua, ndivyo vilivyoniumiza.

Bibi hatakiwi kulijua hili. Mwambie zimekwisha, zimechakaa, lolote. Nimekuachia uongo huu kwa sababu mimi wangu ameukamata.

Mjukuu


14 Aprili

Kwa Mjukuu,

Marahaba, mama. Nimekaa ofisini miaka thelathini nikisoma na kuandika barua za watu na sijapata kuruka mstari. Nimeuruka wako. Nilisoma karatasi ya kwanza, ya pili nikaificha chini ya kitako. Bibi yako alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karani, umefungua bahasha nikasikia karatasi mbili. Umekunja moja." Nikasema ya pili ni tupu. Akasema, "Karatasi tupu haimtoi mtu mzima jasho."

Nimetoka kwa kisingizio cha jua. Sijui nitarudi vipi, maana sukari ya chai yangu iko kwake.

Kuna jambo na yeye amenikataza nisikuandikie. Sasa nina siri mbili za watu wawili wanaopendana, na siri hizo ni moja. Sitakuandikia. Nakuomba tu uichukue glavu ya kulia, uugeuze ndani nje ule mshono, uangalie kwenye mwanga mzuri. Sijasema kitu.

Karani


18 Aprili

Mke mwenzangu,

Amenisomea. Nilimfungia sukari siku tatu.

Tusipige kelele kwanza. Karani, andika polepole, hili nataka liandikwe sawasawa.

Mikono yangu imekufa ganzi mwaka wa nne sasa. Gumba, cha shahada na cha kati, mikono yote miwili. Unadhani kwa nini nakusoma kwa kidole cha mwisho? Hicho ndicho kinachosikia. Vingine vipo kwa ajili ya heshima tu. Nilipokuwa nashona nilikuwa nauona mshono kwa macho, na macho yangu ni haya unayoyajua, na kwa vidole nilikuwa nashika pamba nadhani nimeshika hewa, kwa hiyo nikaongeza nyingine. Na nyingine. Mshono ukatembea mpaka katikati ya kiganja, mimi nikajua uko pembeni. Sindano ilinichoma sijui mara ngapi. Sikuisikia. Niliona tu shuka limeota nukta nyekundu, nikazigeuzia ndani.

Mimi nilikuwa wa kumi na moja kwenye lile wingu, na wa mwisho kunyamaza. Nimekuandikia barua nzima ya mficha maradhi huku ninayo kwapani.

Basi na la kukamua nalo. Nilivyosomewa habari za huyo mama mfupi nilitaka kumtukana. Nani yeye, amefua wapi? Kisha nikakaa nje, jua likawa zuri, nikayafumba macho nikarudi kwenye chumba chetu. Nikajiona nakamua, mikono inaniwaka. Nikajiona nasuuza. Wewe unakumbuka kusuuza? Ulikuwa unakaa ukingoni mwa karo unatazama. Shuka liko kwenye maji mengi, huling'ang'anii. Unaweka kiganja wazi juu yake, unalisukuma mara moja, refu, halafu unaliachia, nalo linakwenda lenyewe mpaka upande wa pili. Mkono unashuka ndani ya maji, unarudi kwa chini, unalikuta linarudi. Siku nzima nilikuwa naweza kusuuza na nikaimba. Hakuna mwanamke aliyeumizwa na kusuuza.

Miaka yote hiyo nilijua, na nikaenda kukufundisha kukamua. Nilidhani kazi isiyouma si kazi.

Hizo glavu zifumue. Usizitunze. Usiniletee habari za ukumbusho. Chukua wembe, zifumue.

Bibi yako
(gumba. Safari hii amekubali nimshike mkono. — Karani)


4 Mei

Bibi yangu,

Nimezifumua mezani kwangu, kwa kibano cha saa, uzi mmoja mmoja, ilichukua siku mbili za duka. Mvua ilikuwa inanyesha na saa zote zilikuwa zinalia pamoja, nikawa kama niko chini ya maji. Nukta ni tisa. Nimezihesabu kwenye mwanga. Ya tisa ni kubwa, nadhani hapo ulikuwa unazungumza na mtu.

Pamba nimeitoa. Tabaka nne za kila glavu zimekuwa vipande vya shuka, laini kama ulivyosema. Mama fundi viatu amekata kimoja kwa kila glavu mpya. Ni tabaka moja, imenibana mkono vizuri, vidole viko nje, na mshono umepita mgongoni. Kiganjani hakuna hata uzi. Mtaalamu ameikagua kama askari forodhani, akasema, "Hii sawa."

Vilivyobaki havikutupwa. Viko kwenye kifurushi hiki, ni vyako. Ni bangili mbili pana za kulalia, tabaka mbili, na katikati kuna kipande cha ubao mwembamba alichokiranda fundi wa viti. Unaweka ubao upande wa kiganja, unafunga kamba bila kukaza, kifundo kinalala kimenyooka. Uvae kila unapolala, hata ule usingizi wa mchana unaosema si usingizi. Na mtaalamu amesema uende zahanati wakakuangalie, miaka minne ni mingi. Nimemwambia hutakubali. Akasema, "Mwambie wewe utaacha mazoezi asipokwenda." Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Tunashikana mateka.

Nimerudi uwanjani tangu Jumatatu. Mizunguko miwili, kisha mitatu. Nasuuza, Bibi. Nilipoanza nilikuwa naona aibu, maana ni polepole, mlinzi akazima redio akaniangalia. Halafu akasema, "Leo husikiki." Ni kweli. Zamani nilikuwa napiga kelele kama mashine. Sasa nasukuma mara moja, nakaa kimya, uwanja unanijia wenyewe.

Mjukuu wako
(mkono huo hapo, bado umevimba kidogo, penseli nimenyanyua mara mbili, nasema kabla hujasema)


31 Mei

Bibi yangu,

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Tulikuwa kumi na sita. Niliinyoosha mikono ukutani kama nilivyofundishwa, magurudumu nikayajaza upepo, glavu nikavaa. Waliponyanyua bendera wote wakaondoka kwa kishindo, nami nikabaki nyuma na kile kimya changu. Mzunguko wa tatu hewa ikaja, Bibi. Ileile. Na haikuondoka. Wa nne, wa tano, wa nane. Watu kwenye ngazi walikuwa wamevaa nguo nyeupe nyingi kwa sababu ya jua, au ni mimi niliyeona hivyo. Walikuwa kama shuka kwenye kamba, na nilipopita zilinipisha.

Mzunguko wa kumi na mbili, gumba likaanza. Halikuuma. Lilinong'ona tu, kama mtu anayesinzia. Mbele yangu palikuwa na mtu mmoja niliyekuwa naweza kumpita. Na nilikuwa na nguvu, usidhani nilichoka. Ingekuwa mwezi wa pili ningekaza.

Nikaiachia pete. Kiti kikateleza chenyewe mpaka pembeni, kwenye nyasi, kikasimama. Mwenye kipaza sauti akatangaza namba yangu, akasema, "Ameshindwa kumaliza." Mama fundi viatu alisimama kwenye ngazi akampigia kelele mpaka akatolewa na mlinzi. Mimi nilikaa pale kwenye nyasi, mikono mapajani, viganja juu, nikahisi jua likitua kwenye kila kidole. Vyote kumi. Nikacheka peke yangu.

Leo asubuhi tumeamka pamoja, mimi na mikono. Na dukani nimeifungua ile saa ya mwalimu iliyonishinda tangu mwezi wa pili, nikairudisha ile skrubu mahali pake. Mara ya kwanza tu.

Mkono wangu huo hapo.

Mjukuu wako


9 Juni

Mke mwenzangu,

Zahanati nimekwenda. Karani alinisindikiza, akapimwa presha yeye, akakutwa nayo, sasa ananilaumu. Wamesema mikono yangu imechelewa lakini haijafa. Bangili zako nazivaa. Nikilala nazo naonekana kama mtu anayengojea kupigana ngumi. Gumba la kulia limerudi kidogo. Jana sindano imenichoma nikapiga yowe, majirani wakatoka. Nikawaambia hakuna kitu, ni furaha. Cha shahada bado kinazurura huko kilikokwenda. Akikutana nacho mtu, akirudishe.

Huyo mwenye kipaza sauti mwambie Bibi yako amesema hajui kuhesabu.

Karatasi yako nakurudishia, usishangae. Nimeiweka mezani, nikaweka kiganja changu cha kushoto juu ya chako, nikakichora mwenyewe. Karani alitaka kunishikia penseli nikamfukuza. Kwa hiyo pale utaona mistari miwili. Wangu umetetemeka, hasa kwenye gumba, na hapo kwenye kifundo penseli ilianguka, usicheke. Wako umekwenda wote kwa pumzi moja. Na una alama ya grisi ya saa pembeni. Nenda kanawe mikono, mchafu wewe.

Halafu nikaufuata mstari wako kwa kidole cha mwisho. Nilifunga macho. Palikuwa na ukungu, na mahali fulani redio ilikuwa inaimba. Nikakuzunguka mara moja, mara mbili, sikukaza, kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe. Karani anasema alihesabu.

Kumi na mbili, kisha nikasimama.

Bibi yako
(Leo gumba hakuweka. Amesema mkono wake uko juu, utafute. — Karani)